Mama Aliyeachwa au Baba Aliyeacha?

Katika Kiswahili, mwanamume huoa ilhali mwanamke huolewa. Mwanamume huacha, mwanamke huachwa. Wanafunzi wangu wa sarufi hulitaja jambo hili kila tunapofika kwenye kauli ya kutendwa, na aghalabu hulicheka. Mimi silicheki, kwa kuwa nililelewa na mmoja wa hao watendwa, wala sijapata kumwona mtu aliyetenda mengi kuliko yeye.

Mama yangu aliachwa mwaka wa 1984, mtaani Majengo, Mombasa, akiwa na watoto wanne. Baba aliaga kwamba anakwenda Nairobi kutafuta kazi. Huenda aliipata. Sisi tulibaki na karai, jiko la makaa na mama. Kila jioni alikanda unga kwa tui la nazi, akatia iliki na hamira, akaufunika uumuke. Saa tisa za usiku aliamka kuusukuma, kuukata na kuchoma mahamri. Kulipopambazuka alikuwa kando ya njia waliyopitia makuli wa bandari ya Kilindini. Wengi walikula kwa mkopo, naye alimjua kila mdeni wake kwa sura na kiasi, ingawa hakujua kuandika zaidi ya jina lake.

Jina hilo lilimfaa mwaka wa 1994, nilipojiunga na kidato cha kwanza. Fomu ya shule ilitaka jina la baba na kazi yake. Mama alichukua kalamu, akaandika jina lake, polepole, katika nafasi ya baba.

"Mama, hapo ni pa baba," karani alimwambia.

"Na karo, mwanangu, utaipokea kwa nani?"

Karani aliipiga fomu muhuri.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi, na wasikilizaji hufurahi. Lakini ipo sehemu ambayo huwa nairuka. Karo ile haikutokana na mahamri ya mama pekee. Dada yangu mkubwa alikuwa ameacha masomo akiwa darasa la saba ili awe mkono wa pili kwenye karai. Alikuwa hodari wa hesabu kunishinda. Tunapomsifu mama aliyelea peke yake, ni nadra kuuliza ni mtoto yupi aliyelea pamoja naye, na aghalabu mtoto huyo ni wa kike.

Waama, sifa zenyewe zinanitia shaka. Nimesahihisha insha nyingi kuhusu mama. Humo mama ni shupavu, ni mvumilivu, ni nguzo. Baba hayumo hata kwa lawama. Ameponyoka sentensi kama alivyoponyoka nyumba. Kauli ya kutendwa huruhusu hivyo: "mama aliachwa" ni sentensi kamili, isiyohitaji kumtaja aliyeacha.

Sheria nayo ilijua kumsitiri. Mama yetu alikuwa ameolewa. Angaliweza kudai matunzo lau angalijua baba aliko. Kwa mama asiyeolewa, hata mlango huo ulikuwa umefungwa. Sheria ya mwaka wa 1959 ilikuwa imemruhusu mama wa namna hiyo kumpeleka baba wa mtoto mahakamani, lakini Bunge liliifuta mwaka wa 1969, miezi michache kabla ya Grace Onyango kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge nchini. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2001 bado ilimtwika mama asiyeolewa jukumu hilo kwanza. Ilibidi tungoje Katiba ya mwaka wa 2010, ambayo ibara yake ya 53 inatamka kuwa wajibu wa baba na mama ni sawa, wawe wameoana au la. Maandishi hayo ni mazuri, ila hayamsaidii mama asiyekuwa na nauli ya kufika mahakamani, sembuse siku nzima ya kuacha biashara yake.

Nanyi walimu wenzangu, mwanafunzi akikosa bado tunamwambia, "Kesho uje na baba yako." Wapo wanaolala nje ya darasa letu, kwa maana ya kutorudi kabisa, kwa sababu ya sentensi hiyo moja. Neno "mzazi" lipo, ni fupi, na halimfedhehi mtu. Nanyi wanafunzi, mkiandika kuhusu mama zenu, andikeni pia alilala saa ngapi, alikopa wapi, na nani aliacha nini ili ninyi msome.

Dada yangu sasa ana wajukuu, na bado huchoma mahamri. Juzi nilijikaza kumuuliza kama aliwahi kumlaumu mama. Aliendelea kukanda unga wake kwa muda. Kisha akaniuliza iwapo kuna mtu aliyewahi kumuuliza baba swali lolote.