DARASA LA AWALI BUGARAMA: WANACHEZA AU WANASOMA?

Wadau, kwanza tuelewane ni Bugarama ipi, maana zipo kadhaa. Kuna ya kule Kahama kwenye mgodi wa Bulyanhulu, kuna ya Rusizi nchini Rwanda, na Burundi nako ipo. Leo tunaongelea ya Kagera, kata ya Bugarama wilayani Ngara, huku mpakani na Burundi. Na mada yenyewe ni darasa la awali, yaani chekechea. Wazee wao walikuwa wanaita vidudu.

Kuna kauli ambayo kijana yeyote aliyekulia kijijini ameshaisikia: "Mtoto anaenda kuimba na kucheza tu, si bora abaki nyumbani amwangalie mdogo wake?" Hebu tuichambue hiyo kauli.

VIZIBO VYA SODA
Mtoto wa miaka minne anaweza kutaja moja mpaka kumi bila kupumua. Sasa mwekee vizibo vitano chini, akimaliza kuhesabu muulize, "Vipo vingapi?" Wengi wanaanza kuhesabu upya, wengine kizibo kimoja wanakihesabu mara mbili. Kwao namba bado ni wimbo tu. Halafu inafika siku unamuuliza, anajibu "vitano!" bila kurudia. Hapo ameelewa kwamba namba ya mwisho aliyoitaja ndiyo idadi ya vyote. Ile furaha unayoiona usoni mwake ni ya haki kabisa, maana hesabu zote za mbele zinasimama juu ya hapo. Kunakili 1, 2, 3 kutoka ubaoni peke yake hakumfikishi huko, lazima ashike vitu kwa mikono yake.

MAKOFI
Wanaposema "ki-ko-mbe" na kupiga makofi matatu, wanajifunza kwamba neno lina vipande. Kiswahili kinasomeka kwa silabi, kwa hiyo sikio lililozoea vipande halishangai likikutana na ba, be, bi, bo, bu.

LUGHA
Hapa ndo penye uzito kwa Ngara. Watoto wengi wanakua na Kihangaza au Kishubi, Kiswahili wanakutana nacho vizuri shuleni. Fikiria una miaka mitano, umeachana na mama asubuhi, halafu mtu mzima anakuamrisha kwa lugha usiyoielewa. Si utalia tu? Mwalimu akiimba "gusa pua" huku anagusa yake, mtoto haitaji mkalimani. Na lugha zenyewe ni ndugu. Kirundi, ambacho ni jirani wa karibu wa Kihangaza, kinasema gatatu na gatanu. Sikiliza vizuri, tatu na tano zimo humo humo. Mtoto akiruhusiwa kujibu kwanza kwa lugha ya nyumbani, anapata ujasiri wa kujaribu ya pili.

MAJI
Jaribu hii nyumbani. Mimina maji sawasawa kwenye vikombe viwili vinavyofanana, kisha hamishia kimoja kwenye chupa nyembamba. Mtoto wa miaka mitano mara nyingi atasema kwenye chupa yako mengi zaidi, kwa sababu yamepanda juu. Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi (1896-1980), alionyesha kwamba huo si ujinga, ndivyo akili ya umri huo inavyofikiri. Kumchapa hakusaidii. Mwache amimine na kurudisha mwenyewe, kidogo kidogo atagundua.

SASA TATIZO LIKO WAPI?
Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa angalau mwaka mmoja. Serikali ilipotangaza elimu bila ada kuanzia 2016, wazazi waliitika kweli kweli. Walioandikishwa awali nchi nzima walikuwa takriban milioni 1 mwaka 2015, mwaka uliofuata wakazidi milioni 1.5. Lakini kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na mwaka huo wa 2016 wastani wa shule za serikali ulizidi watoto 100 kwa kila mwalimu aliyesomea.

Vuta picha sasa. Watoto 100, mwalimu mmoja. Vizibo utagawaje? Maji utamiminaje? Kinachobaki ni kuitikia kwa pamoja, "Eeeh mwalimu!" Mchezo ndio unaokufa wa kwanza, na kujifunza kunaufuata. Kwa hiyo yule mzazi anayesema "wanacheza tu" ameligeuza tatizo. Hasara inaanza wasipocheza.

Na hasara yenyewe si ya mwaka mmoja. Huko Ypsilanti, Marekani, watoto 123 kutoka familia maskini waliingizwa kwenye utafiti kuanzia 1962. Baadhi walipata chekechea nzuri ya kujifunza kwa vitendo, wengine hawakupata. Walifuatiliwa mpaka wakafika miaka 40, na waliopitia chekechea ile walikuwa na kipato kikubwa zaidi na walikamatwa na polisi mara chache zaidi.

WEWE UNAWEZA NINI?
Kijana, walimu huwezi kuajiri. Lakini mdogo wako yupo nyumbani. Mnapomenya ndizi muulize, "Zimebaki ngapi?" Osha vizibo, vijaze kwenye mfuko, peleka shule ya jirani. Msimulie hadithi kwa Kihangaza, kisha umwombe akusimulie tena kwa Kiswahili. Na akirudi shule usimuulize ameandika nini. Muulize, "Leo mmecheza nini?" Akikosa jibu siku tano mfululizo, hilo ni jambo la kulipeleka kwenye kikao cha wazazi.

Haya wadau, huko kwenu darasa la awali lina watoto wangapi? Na je, wanacheza? Karibuni tujadili.