Lafudhi ya Kanda ya Ziwa apewe na daktari

Giza likianza kuingia Igoma, hapa Mwanza, daladala za kutoka mjini zikimwaga abiria, vibanda vya chipsi na saluni za kunyolea huwa vimeshawasha luninga. Vikianza vichekesho, haichukui muda anatokea jamaa wa kutoka shamba, suruali kaipandisha mpaka kifuani, anayakokota maneno na kutia "bh" kila kona: "Bhabha, hili bhasi linafika Ng'wanza?" Watu wanaangua kicheko, na wengi wao ni Wasukuma. Sigombani na kicheko hicho. Ninachogombania ni kwamba kwenye luninga yetu lafudhi hiyo hupewa mshamba, na mshamba peke yake.

Lafudhi ina utaratibu wake. Kisukuma kina irabu saba wakati Kiswahili kina tano, na kupanda au kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana ya neno. Pale Kiswahili kinaposema mwana na mwaka, Kisukuma husema ng'wana na ng'waka. Kwa hiyo mzee wa Kisesa anayetamka Ng'wanza anafuata kanuni aliyonyonya na maziwa ya mama. Mwigizaji asiyesikiliza hana habari na kanuni hiyo. Anaokota sauti mbili tatu na kuzirundika hata pasipostahili, na mtu aliyekulia Igoma anamshtukia kabla hajamaliza sentensi.

Kazi hii ikifanywa kwa bidii, inaheshimika. Kwa jirani zetu Kenya, Benson Wanjau, Mkikuyu, aliibeba lafudhi ya Kijaluo kwa miaka mingi katika kipindi cha vichekesho cha Vitimbi akiwa Mzee Ojwang, huku Mary Khavere akiigiza mkewe, Mama Kayai. Watazamaji wengi waliamini kabisa kwamba ni Mjaluo. Alifariki Julai 2015 akiombolezwa na Wakenya wa makabila yote. Aliikuza lafudhi, tena sana, lakini Ojwang alikuwa mtu kamili: ana ndoa, ana majirani, ana ujanja na ukaidi wake. Ungemwondolea lafudhi, kisa bado kingebaki.

Kwetu, kundi la Ze Comedy lilipendwa nchi nzima kupitia EATV, kisha wasanii wake wakahamia TBC1 wakiwa Orijino Komedi. Mmoja wao, Emmanuel Mgaya, aling'ara kwa jina la Masanja, jina ambalo huku Usukumani utalisikia kila mtaa. Tangu hapo wanaoiga lafudhi wameongezeka, na sababu inaeleweka: lafudhi inaleta kicheko ndani ya sekunde chache, wakati kisa kizuri kinataka kuandikwa na kufanyiwa mazoezi.

Wapo wanaosema lafudhi hii haifai mambo mazito. Hao wakumbuke kuwa Kiswahili sanifu nacho kina kwao: kilijengwa juu ya Kiunguja, chini ya kamati ya lugha ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1930. Tena, kuanzia Novemba 2015 hadi Machi 2021 nchi hii iliongozwa na John Magufuli wa Chato, mwalimu wa kemia aliyefikia shahada ya uzamivu. Alizungumzia reli, madini na bajeti kwa lafudhi ya kwao, na nchi nzima ilimsikiliza.

Hasara ya mzaha huu inawaangukia vijana. Kijana wa Igoma anafika chuoni Dar es Salaam, anafungua kinywa kujibu swali, darasa linacheka kabla jibu halijaisha. Siku nyingine hanyooshi mkono, hata kama jibu analo.

Waandishi wa tamthilia na vichekesho wana uwezo wa kurekebisha hili. Waje Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma pale Kisesa, wakati wa ngoma za Bulabo mwezi Juni, wakae na wazee wasikilize. Star TV, iliyozaliwa hapa hapa Mwanza, ingekuwa ya kwanza kuwafungulia mlango. Kisha wamwandike daktari Msukuma, hakimu Mhaya na mhandisi Mkurya, kila mmoja aongee kama kwao wanavyoongea. Wakitaka kutuchekesha, watuchekeshe kwa yale wanayoyatenda watu hao.