Maharagi imelegea saa sita: usiing'oe kwanza



Mvua ya msimu A ikikatika, tunapita katika mashamba ya Majengo na kukuta maharagi imelegea kabisa. Mama mmoja alituuliza: "Agronomi, niing'oe nipande kingine?" Tukamwambia: ngoja, rudi uiangalie kesho asubuhi.

Juu ya nini? Kila mmea uko na jeni, yaani maagizo ya kazi yanayokaa ndani ya mwili wake. Hayafanyi kazi yote wakati mmoja, mengine yanalala. Udongo ukikauka, mmea unatengeneza homoni inayoitwa asidi ya absisi. Hiyo inafunga vitundu vidogo vya majani ambamo maji yanatokea kama mvuke. Inaamsha pia jeni zilizolala, nazo zinaleta protini za kulinda mmea usiharibike ndani. Joto likizidi, jeni zingine zinaamka vilevile.

Lakini kujilinda si kwa bure. Vitundu vikifungwa, hewa haiingii vizuri na mmea unatengeneza chakula kidogo. Ndiyo maana maharagi inaweza kupona lakini mavuno yakapungua. Wakati mbaya zaidi ni wa maua: ukame ukipiga hapo, maua yanaanguka.

Hapa kwetu udongo wa volkano uko na rutuba, lakini mahali pengi ni mwembamba juu ya mawe ya lava. Mizizi haishuki mbali, maji yanaisha haraka. Basi tufanye hivi:

1. Tuangalie asubuhi. Majani yakisimama, mmea ulikuwa unajilinda tu. Yakibaki yamelegea na udongo ni mkavu, uko na kiu ya kweli: maji kidogo tuliyo nayo yaende kwanza kwenye maharagi yenye maua. Kama udongo uko na unyevu, tung'oe mmoja tuone kama mizizi imeoza.

2. Tufunike udongo na majani makavu.

3. Tuchague mbegu mapema. Weka alama kwenye mimea yenye afya iliyozaa vizuri wakati wa jua kali. Maharagi kwa kawaida inajichavusha yenyewe, kwa hiyo mtoto anafanana na mzazi. Tusichague kwenye gunia, pale hatujui tena nani alivumilia.

Yule mama? Asubuhi alikuta majani yamesimama. Jembe alilirudisha nyumbani.