Redio Isiyotoa Risiti

Mikrokontrola, yaani chipu moja inayobeba kichakataji, kumbukumbu na njia za kuunganishia vitufe, taa na vihisi, ndiyo moyo wa micro:bit, kibao cha sentimita 4 kwa 5 ambacho BBC ya Uingereza iliwagawia wanafunzi wapatao milioni moja mwaka 2016 ili wajifunze kuandika programu. Ndani ya chipu hiyo mna redio ya masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya Bluetooth na ya Wi-Fi nyingi, nayo huwezesha vibao kupelekeana ujumbe pasipo waya wala intaneti.

Programu yake katika lugha ya Python ni fupi. Amri ya radio.on() huiwasha redio, ambayo huachwa imezimwa kwa kuwa hula betri na kumbukumbu; radio.config(group=23) hukiweka kibao katika kikundi cha 23, kimojawapo cha vikundi 256; radio.send("maji") hurusha neno hilo mara kitufe kibonyezwapo. Kibao cha pili hurudia radio.receive() bila kukoma na, kikipata neno, hulipitisha herufi kwa herufi kwenye taa zake 25.

Kazi ngumu, ambayo mafunzo mengi ya awali huipita haraka, huanzia hapo. Redio hii hutangazia kikundi kizima na haitoi risiti, hivyo kwa mtumaji ujumbe uliofika na uliopotea ni sawa; tena foleni ya mpokeaji, isipobadilishwa, hushika ujumbe 3 tu, na unaoikuta imejaa hutupwa. Dawa ni itifaki, yaani mapatano ya namna ya kuzungumza: mtumaji huupa kila ujumbe namba yake, mathalani "7:maji", mpokeaji hujibu "7:sawa", na jibu lisipoonekana baada ya nusu sekunde, mtumaji hurudia. Lakini jibu nalo laweza kupotea njiani, na, tuseme neno hilo huwasha pampu, pampu iliyokwisha kuwashwa ikapokea amri ile ile mara ya pili. Ndiyo maana mpokeaji hukumbuka namba ya mwisho na, akiikuta tena, hujibu bila kutenda.

Namba hizo hazifichi neno lolote, kwani yeyote aliyewekea kibao chake kikundi hicho hicho husikia yote na aweza kujibu kwa jina la mwingine. Kwa kufuli ya mlango au kengele ya wizi, redio hii haifai.