Nani alisema anga ya usiku ni samawati?

Fungua Insta sasa hivi utafute picha za Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaokatiza anga kama vumbi la lori. Ya kwanza itakuwa zambarau kama soda ya zabibu. Ya pili, samawati kama sare ya polisi. Ya tatu, hudhurungi kama chai iliyozidishwa majani. Zote ni anga ile ile, pengine hata usiku ule ule, na kila mwenye picha anaapa hajaweka filta. Na usishangae, wote watatu wanaweza kuwa wanasema ukweli.

Mchawi ni kitufe kidogo kwenye kamera au simu yako, kimeandikwa WB. Hicho ni kifupi cha waiti balansi, na kazi yake ni kuiambia kamera nyeupe ni ipi. Macho yako hayahitaji kuambiwa. Ukisoma karatasi nyeupe chini ya balbu ya manjano, bado unaiona nyeupe, kwa sababu ubongo umeshafanya hesabu zake bila kukuuliza. Kamera haina ubongo huo. Inaona manjano, inaandika manjano, isipokuwa uiambie vingine.

Hesabu yenyewe hupimwa kwa kelvini. Fizikia tuliachana nayo chuoni mwaka wa pili, karo ilipokata, lakini hii haihitaji shahada. Mtazame fundi wa jua kali akipasha chuma. Kwanza inakuwa nyekundu, moto ukizidi inageuka ya machungwa, halafu manjano, ikikaribia kuyeyuka inaelekea nyeupe. Kama ingeweza kupashwa zaidi bila kuyeyuka, ingeishia samawati. Kelvini inahesabu hivyo. Koroboi au mshumaa uko kwenye 1,900 hivi. Balbu ya zamani, ile ya waya ndani, 2,700 hadi 3,000. Jua la mchana, 5,500. Kivulini siku ya anga safi, 7,000 na zaidi.

Sasa hapa ndipo watu wengi hupotelea. Ukiweka kamera kwenye 3,200, picha haiwi ya machungwa. Inakuwa samawati! Kwa nini? Kwa sababu umeiambia kamera, "Mwanga uliopo hapa ni wa balbu, wa manjano," nayo kwa utiifu inaongeza samawati ili kusawazisha. Kama mwanga haukuwa wa balbu, samawati hiyo inabaki pale bila kazi, kama mgeni aliyekuja harusi isiyokuwepo. Ukipandisha namba, picha inapata joto. Ukishusha, inapoa. Shika hilo tu, mengine yatakuja.

Ukiacha WB kwenye oto, kamera inakisia. Mchana inakisia vizuri, kwa sababu kuna watu, kuta, nyasi, shati jeupe la mtu. Usiku haina cha kushika. Inaona weusi mwingi na vidoa, basi inarusha sarafu. Mnakumbuka tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipopatwa kabisa na ukawa mwekundu juu ya Kenya kuanzia saa mbili na nusu usiku, kwa zaidi ya saa nzima? Kwenye status za mabeshte wangu mwezi ulikuwa mwekundu kwa mmoja, kijivu kwa mwingine, na kwa mwingine ulifanana na chapati. Wekundu ule ulikuwa halisi: mwanga wa jua ulikuwa umepita pembeni mwa dunia, hewa ikachuja samawati, ukabaki wekundu ukaangukia mwezi. Kamera iliyo kwenye oto inaweza kuuchukulia huo wekundu kuwa kasoro ya kurekebishwa.

Kwa hivyo oto toa. Swali ni uweke ngapi.

Ukitazama mafunzo ya YouTube, wengi watakwambia 3,200, au 3,400, au 3,800. Wanasema kwa uhakika wa daktari. Lakini jiulize huyo anayekufunza amesimama wapi. Mtu wa Uingereza au Ujerumani anapiga anga iliyochafuliwa na taa za miji, na kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa za sodiamu, zile za machungwa tulizozoea hata sisi barabarani. Akishusha kelvini, anaua uchungwa wa taa. Tena kwake kitovu cha Njia Nyeupe, pale penye nyota nyingi, kinatambaa chini kabisa. Ukiwa London hakipandi zaidi ya nyuzi 10 hivi kutoka upeo wa macho, kwa hivyo anakipiga kupitia hewa nzito na mwanga wa miji yote iliyo kusini yake. Namba yake ni dawa ya ugonjwa wake.

Sisi tuko Ikweta, bana. Ukiwa Magadi kitovu hicho kinapanda zaidi ya nyuzi 60, karibu utosini, katikati ya makundi ya Nge na Mshale. Na bahati zaidi: ukikitafuta upande wa kusini, Nairobi inakuwa nyuma yako, kaskazini mashariki. Mwanga wa jiji unabaki mgongoni. Unahangaika tu na taa za mji wa Magadi wenyewe na kiwanda cha magadi, na hizo unaweza kuzikimbia kwa kuendesha kilomita chache. Sasa ukibeba 3,200 ya mzungu ukaiweka kwenye anga hii safi, unatibu asiyeumwa. Ndiyo maana picha inatoka samawati kama sabuni ya kufulia.

Mimi nikiwa kwenye giza la kweli, Magadi, Olorgesailie au kule Chalbi, naanzia kati ya 4,800 na 5,500, yaani karibu na jua la mchana. Inaonekana kichekesho kuiambia kamera ni mchana saa nane usiku. Lakini jua ni nyota. Tukilichukua kama kipimo cha nyeupe, nyota nyingine zinapata nafasi ya kuonyesha rangi zao. Angalia Jabari usiku wa Desemba, hata kwa macho matupu: Betelgeuse iko machungwa, joto la uso wake ni kama kelvini 3,500, na Rigel upande wa pili ni nyeupe yenye usamawati, kama 12,000. Ukishusha WB hadi 3,200, wote wawili wanavutwa kwenye samawati na tofauti inafifia. Kwenye Nge kuna Antares, nyekundu ya machungwa, katikati ya mwili wa mdudu. Kipimo changu ni hiyo. Nikimaliza kuhariri picha na Antares imekuwa nyeupe, najua nimeipaka rangi anga, sijaipiga picha.

Na kitovu chenyewe? Kwa WB ya mchana kinatoka rangi ya mchanga, manjano iliyokolea, na mistari ya hudhurungi pale vumbi la angani linapoziba nyota. Nyota nyingi za pale ni za zamani na za manjano, na vumbi huchuja samawati kama vile hewa inavyofanya jua likizama. Kwa hivyo chai iliyozidishwa majani ndiyo iko karibu zaidi na ukweli. Pole kwa timu zambarau.

Hapa kuna pesa pia, tusijifanye. Mwaka jana kambi moja ya watalii huko kaskazini, jina naliweka kapuni, ilinipa kazi ya picha tatu za usiku. Nikawatumia hizo za rangi ya mchanga. Jibu likaja kwa WhatsApp: "Mbona inakaa chafu? Tunataka bluu kama ya Iceland." Salio langu la Sh12,000 likakaa wiki tatu. Nikatoa matoleo mawili, moja la 5,200 na moja la 3,500, nikawaandikia wazi lipi ni lipi. Wakachukua samawati, wakalipa. Ile ya mchanga niliiuza baadaye kwa mtu aliyetaka ya ukutani, na kwa bei nzuri kuliko hiyo.

Nimefikiria sana hiyo meseji. Kwa nini watu wanadai usiku ni samawati? Sinema zimechangia. Zamani waongozaji walipiga usiku mchana, kwa filamu iliyotengenezwa kwa mwanga wa balbu, kila kitu kikatoka samawati, na tukakubali kwamba usiku unafanana hivyo. Macho nayo yana mchango: gizani seli za jicho zinazoona rangi hulala, na zile zinazobaki macho hushika zaidi mwanga wa kijani-samawati, huku nyekundu ikizama. Kwa hiyo mteja wa kambi hakuwa mjinga. Ila mgeni wake atakayelipa afike, ainue kichwa, ataona kijivu. Hataona samawati wala mchanga. Kamera inakusanya mwanga kwa sekunde 20, jicho haliwezi.

Kuna usiku mmoja ambao nampa mteja haki yake: wa mbalamwezi. Mwanga wa mwezi ni wa jua uliogonga mwezi ukarudi, na hewa huutawanya vile vile inavyofanya mchana. Piga kwa sekunde za kutosha kwa WB ya mchana, anga itatoka samawati halali, na nyota ndani yake. Lakini Njia Nyeupe utaisahau, mwezi huimeza.

Mjini ni vita vingine. Taa za sodiamu za shinikizo la chini hutoa karibu rangi moja tu, manjano ya nanomita 589, na hakuna WB inayoweza kurudisha rangi ambazo hazikuwepo kwenye mwanga. Sasa zinakuja LED nyeupe, na zile mulika mwizi za mitaani, zenye samawati nyingi ndani. Hewa hutawanya samawati kuliko nyekundu, kwa hiyo anga juu ya mtaa inavaa ukungu mweupe. Ukiwa na sodiamu upande mmoja na LED upande mwingine, ukituliza huu unaharibu ule. Ukiwa Umoja au Kayole usijitese na Njia Nyeupe. Piga mwezi, piga sayari, piga Salibu ikisimama juu ya mapaa. Weka 3,800 hivi, usiku wa mtaa utakubali.

Jambo ambalo ningelisema kwanza kama ungekuwa umeketi hapa na mimi: piga RAW. Faili ya JPEG ni chakula kilichopikwa, chumvi imeshaingia. RAW ni unga. Ukiwa na RAW, namba ya WB uliyoweka ni maandishi tu yaliyobandikwa kwenye faili, unaweza kuibadilisha nyumbani bila kupoteza kitu. Simu nyingi zina hali ya "Pro" yenye RAW, ingawa ile hali ya usiku ya kawaida mara nyingi hukupikia bila kukuuliza. Snapseed na Lightroom za simu zinafungua RAW.

Sasa mbona nihangaike kuweka namba kama naweza kubadilisha baadaye? Kwa sababu ya skrini. Pale gizani unaamua kwa kile unachokiona kwenye kamera, na rangi ikiruka kila picha huwezi kujua wingu limeingia au kamera imebadilisha nia. Na ukipiga picha 300 za kuunganisha kuwa video ya nyota zikitembea, au picha 6 za panorama, namba lazima iwe moja mwanzo hadi mwisho. Kwa oto video inapepesa kama taa ya klabu.

Wakati wa kuhariri kuna njia wanayoipenda wengi: vuta saturesheni hadi mwisho, picha iwe mbaya ya kutisha. Sogeza kelvini hadi samawati na manjano zigawane sawa. Sogeza ule mshale wa pili, wa kijani na zambarau, hadi nazo zigawane. Rudisha saturesheni chini. Ni nzuri kwa anga ya mjini. Kwa anga safi siipendi, kwa sababu inadhani anga yote ikichanganywa lazima iwe kijivu. Kuna usiku ambapo anga ya giza ina mawimbi mepesi ya kijani. Si kosa la lenzi. Ni oksijeni inayong'aa yenyewe kama kilomita 100 juu yetu, kwenye nanomita 557.7. Ukisukuma mshale kwenda zambarau kuiua, umefuta kitu kilichokuwepo, na ndipo zile soda za zabibu zinapotoka.

Kama unataka kujaribu: kitovu kinaonekana kabla ya alfajiri mwezi Machi, usiku wa manane Juni, na mara giza linapoingia Agosti na Septemba. Chagua siku mwezi haupo. Julai Nairobi huwa na mawingu, usikate tamaa kwa sababu ya anga ya Rongai, kule chini bondeni mara nyingi hali ni tofauti. Nendeni kikundi, mjaze mafuta, mwombe ruhusa kwa wenye ardhi. Anzia lenzi pana, f/2.8, sekunde 20, ISO 3200, WB 5,000.

Na tochi ya simu, maanake kuna yule msee lazima ataimulika miti iliyo mbele ya picha. Ni LED baridi, na kwa WB ya 5,000 mti utatoka mweupe wa hospitali chini ya anga ya mchanga. Ifunike na karatasi ya peremende ya machungwa, mulika kutoka pembeni kwa sekunde mbili, zima.