Maumivu ya Muundi kwa Wanaochuchumaa: Lini Upumzike, Lini Uende Hospitali

Tangazo la usajili wa makurutu wa jeshi au polisi linapotolewa, viwanja vingi hujaa vijana alfajiri. Hukimbia, huruka na kuchuchumaa mara nyingi kwa siku, wakitaka kufidia kwa wiki chache mazoezi ambayo hawakuyafanya mwaka mzima. Siku si nyingi, baadhi yao huanza kulalamikia maumivu ya muundi, yaani mfupa wa mbele ya mguu kati ya goti na kifundo, ambao wengine huuita ugoko. Maumivu hayo huwapata pia wanaoinua vyuma, wanafunzi wanaojiandaa kwa michezo ya shule na watu wazima walioshauriwa kufanya mazoezi kwa sababu ya kisukari au shinikizo la damu.

Mara nyingi tatizo hili huisha kwa mapumziko. Lakini anayelazimisha mazoezi huku mguu ukiuma anaweza kupata ufa kwenye mfupa, na ufa huo ukamweka nje kwa wiki nane au zaidi.

Kwa nini muundi huuma?

Kuchuchumaa kwenyewe si hatari. Wakazi wengi huchuchumaa wakipalilia shamba, wakifua au wakiwa chooni bila shida yoyote. Tofauti huletwa na idadi, uzito na kasi.

Mtu anapochuchumaa, goti husonga mbele na muundi huinama. Kifundo kikiwa kimekaza, visigino huinuka au mwili huvutwa nyuma. Msuli ulio mbele ya muundi hulazimika kufanya kazi ya ziada ili mtu asianguke chali, na ndiyo sababu huuma na kuchoka.

Chanzo cha pili ni kuchuchumaa na kuruka. Kila anapotua, mshindo hupita kwenye mfupa, na misuli ya nyuma ya mguu huvuta ukingo wa ndani wa muundi. Mfupa hujijenga upya ukizoeshwa mzigo, lakini huhitaji muda. Mzigo ukiongezwa haraka kuliko mfupa unavyojijenga, nyufa ndogo hutokea. Viatu vilivyoisha soli na uwanja wa saruji huongeza tatizo.

Jipime nyumbani

Pitisha kidole polepole kwenye ukingo wa muundi. Maumivu yakienea sehemu ndefu, kisha yakapungua ukipumzika, huenda ni misuli na utando wa mfupa uliochoka. Yakiwa mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, na yakikusumbua hata usiku au unapotembea tu, shuku ufa na uache mazoezi hadi uonwe na mhudumu wa afya.

Kifundo nacho hupimwa kwa urahisi. Simama ukitazama ukuta, kidole gumba cha mguu kikiwa sentimita 10 kutoka ukutani. Jaribu kugusa ukuta kwa goti bila kuinua kisigino. Ukishindwa, kifundo kimekaza.

La kufanya

Acha kukimbia, kuruka na kuchuchumaa kwa wiki moja hadi mbili. Kutembea taratibu au kuendesha baiskeli kunaruhusiwa iwapo hakuleti maumivu. Funga barafu kwa kitambaa na uiweke kwenye muundi kwa dakika 15, mara mbili au tatu kwa siku. Usikandwe kwa nguvu juu ya mfupa unaouma. Usimeze dawa ya kutuliza maumivu ili uweze kufanya mazoezi, kwa kuwa utakuwa umezima kengele ya hatari.

Maumivu yakipungua, nyosha misuli ya nyuma ya mguu: egemea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, kwa sekunde 30, mara tatu kila upande. Kisha simama ukiwa umeegemeza mgongo ukutani, miguu mbele kidogo, na uinue vidole vya miguu mara 10 hadi 15.

Ukiweza kutembea kwa haraka dakika 30 bila maumivu, anza tena kuchuchumaa siku moja na kupumzika siku inayofuata. Panua miguu kadiri ya mabega, visigino vikae chini, na uteremke hadi pale tu unapoweza kudhibiti mwili. Kifundo kilichokaza husaidiwa kwa kuweka ubao mwembamba chini ya visigino au kushika nguzo. Anza na mara 10, awamu mbili, bila uzito. Muundi ukiuma asubuhi inayofuata, punguza. Kuruka kuje mwisho.

Lishe pia huchangia. Maziwa, omena na mboga za kienyeji huupa mfupa madini unayohitaji. Msichana anayefanya mazoezi makali huku akila kidogo, hasa hedhi yake ikikatika, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata ufa.

Usisubiri ukiona haya

Nenda hospitali mara moja ikiwa mguu umevimba na kuwa mgumu, umekufa ganzi au huwezi kuinua wayo. Ikiwa mguu mmoja umevimba na una joto nyuma ya muundi. Ikiwa huwezi kuukanyagia. Au ikiwa mtoto ana homa pamoja na maumivu ya mfupa. Mkojo wenye rangi ya chai isiyo na maziwa baada ya kuchuchumaa mara nyingi ni ishara kwamba misuli imeharibika, na figo zinaweza kudhurika. Walimu na wakufunzi wanaotumia kuchuchumaa kama adhabu wanapaswa kulikumbuka hilo.

Pa kupata huduma

Anzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au umwone mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako. Ikihitajika, utaelekezwa kwenye hospitali yenye eksirei na fiziotherapia. Eksirei ya mapema inaweza isionyeshe ufa, kwa hivyo rudi maumivu yakiendelea hata kama picha ya kwanza ilikuwa safi. Wakazi ambao hawajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, wanaweza kufanya hivyo kwa kubonyeza *147# kwenye simu.

Kwa anayelenga usajili, maandalizi bora ni ya miezi, si ya wiki. Mfupa hauna njia ya mkato.