Hamira ya mahamri na njaa ya seli
Ramadhani ikiingia, Makadara, Mombasa, hunukia mahamri tangu alasiri, na kwenye simu husambaa dai lile lile: Mjapani mmoja alipata Tuzo ya Nobeli kwa kuthibitisha kuwa saumu husafisha mwili. Yoshinori Ohsumi alipewa tuzo hiyo kweli, mwaka 2016, ila hakumchunguza mtu aliyefunga. Aliinyima chakula hamira, kiumbe kile kile kinachoumua unga wa mahamri, akaona kwa darubini seli zake zikikusanya vipande vyake zenyewe ili vivunjwe na kutumika upya. Kwangu mimi jambo hilo ni kubwa kuliko dai lenyewe, kwa kuwa linazua swali: seli isiyo na tumbo wala ubongo hujuaje kuwa chakula kimekwisha?

Hujua kwa protini. Mojawapo ni TOR, iliyotambuliwa mwaka 1991 huko Basel, Uswisi, nayo pia kwa hamira. Asidi amino zikiwa tele, TOR huamuru seli ijenge na kukua, na huzuia ule uvunjaji. Kwa binadamu huitikia insulini vilevile. Nyingine ni AMPK, mpimaji wa nishati. Seli ikitumia nishati nyingi kuliko inavyozalisha, kemikali iitwayo AMP huongezeka, hujishikiza kwenye protini hiyo na kuiamsha. Nayo huibana TOR na kuhimiza mafuta yachomwe. Njaa si njia pekee ya kuiamsha: misuli ya msukuma mkokoteni wa soko la Marikiti huiamsha hata akiwa ameshiba.

Atakayesema hamira si mwanadamu ana haki, lakini protini hizi tunazo sisi pia, na mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha uvunjaji huo ukiongezeka kwa panya walionyimwa chakula siku nzima. Tatizo ni kuhamisha saa za panya kwa binadamu. Siku moja ya njaa humdhoofisha panya kuliko saa 13 hivi za saumu ya Mombasa zinavyomdhoofisha mtu mzima. Isitoshe, seli haisomi mchana tu. Kaimati zilizorowa shira wakati wa ftari hupandisha insulini, na TOR huamka tena. Wala kuamka huko si balaa: mimba, mtoto anayekua na kidonda kinachopona vyote huihitaji TOR. Ndiyo maana siwezi kukubali saumu inadiwe kama dawa ya kila mtu. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini anaweza kushukwa na sukari hadi azimie kabla ya magharibi. Yeye amwone daktari wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama, dozi na saa zake zipangwe upya.